Kijani cha Kuchanganya

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Shinyanga, unapita Mkuyuni, Butimba na Nyegezi, na kabla hujafika Buhongwa unaikuta Mkolani. Siku hizi nyumba zimepanda mpaka utosini mwa mawe, na mgeni hawezi kujua Nyegezi imeishia wapi. Mwaka 1995, nilipokuwa na miaka 11, Mkolani bado ilikuwa na mihogo na mtama katikati ya nyumba. Mbuzi waliota jua juu ya majabali, na kando ya barabara palikuwa na banda la mabati lililoegemezwa kwenye jiwe kubwa kuliko nyumba yetu. Lilikuwa banda la mjomba wangu, fundi wa kuandika vibao, nalo halikuwa na kibao.

Watu walimtania sana kwa hilo. Yeye aliwaonyesha lile jiwe nyuma yake. Upande wa barabarani lilikuwa limejaa rangi za majaribio: herufi A ishirini, mkia wa sangara, nusu ya uso wa mtu, mishale, namba, majembe. "Kibao changu hicho," alikuwa akisema, "na hakuna atakayekiiba."

Kila aliyekulia Mwanza anajua kwamba mawe yetu huandikwa. Mmoja huandika jina la Yesu, mwingine la mchumba, mwingine huandika kwamba hapa kokoto zinauzwa. Msimu wa uchaguzi majina ya wagombea hupanda mawe usiku, na asubuhi ukienda kuchota maji unakuta diwani mtarajiwa ametanda juu ya jabali kwa chokaa. Masika yakija, jina linaondoka na jiwe linabaki. Nadhani ndiyo maana mjomba hakuwahi kuwashangaa wanasiasa. Alikuwa ameegemea kitu kilichoona wengi.

Alijifunza kazi kwa kumbebea mizigo mwanafunzi mmoja wa Chuo cha Ualimu Butimba, chuo kilichojulikana nchi nzima kwa kuandaa walimu wa sanaa na muziki. Yule mwanafunzi alipomaliza alipangiwa shule ya mbali. Alimwachia mjomba brashi tatu na daftari lenye herufi zilizochorwa kwa penseli, kubwa na ndogo, kila moja ndani ya kijumba chake. Hicho ndicho kilikuwa cheti cha mjomba. Alikitunza ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya boriti.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha brashi kwa mafuta ya taa. Ya pili kusugua mbao na hadibodi kwa msasa. Ya tatu, ambayo niliiona cheo, ilikuwa kushika ncha ya uzi. Uzi ulipakwa chaki, mimi nikaushika upande mmoja, yeye upande wa pili, tukauvuta ukakaza, kisha yeye akaudonoa katikati kwa vidole viwili. Ukapiga ubao na kuacha mstari mweupe, ulionyooka kuliko rula yoyote ya shuleni. "Mjomba, usipumue," alikuwa akiniambia, maana kwetu mjomba na mpwa wake huitana hivyo hivyo, na mimi nilikuwa sipumui kweli.

Mistari ikishakaa, herufi zinaanza. Hapo ndipo nilipojifunza mambo ambayo sikuyakuta tena mpaka nilipokuwa mtu mzima nikisoma vitabu vya usanifu wa maandishi. Herufi O ikilingana na mistari inaonekana imenyauka, kwa hiyo unaivusha kidogo juu na kidogo chini, na jicho litaiona sawa na wenzake. S ni mlevi, na tumbo lake la juu likizidi la chini ataanguka kifudifudi. L ikifuatiwa na A inaacha shimo, nawe lazima ulizibe kwa kuzisogeza zikaribiane. Na neno refu huanzi nalo mwanzoni, kwa sababu utafika mwisho wa kitambaa herufi mbili hazijapata pa kukaa. Unahesabu herufi, unatafuta ya katikati, unaiweka kwanza, kisha unatembea kwenda pande zote mbili.

Neno nililolijua zaidi kwa njia hiyo ni MAENDELEO. Lina herufi tisa, na ya katikati ni D. Miaka ile niliichora D ya maendeleo mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Kila chama kiliitaka. Chama kikongwe kilitaka maendeleo yaendelee, vipya vilitaka yaanze, na mimi kwa wote hao nilianzia D.

Ni lazima nieleze mwaka 1995 ulikuwa nini kwa fundi wa vibao. Mfumo wa vyama vingi ulirudi kisheria mwaka 1992, lakini uchaguzi mkuu wa kwanza ulikuwa wa Oktoba 1995. Kabla ya hapo siasa ilikuwa na mteja mmoja tu. Kibao cha tawi, ubao wa matangazo, kitambaa cha kumkaribisha mgeni wa kitaifa, vyote vilikuwa kijani na njano, na malipo yalikuja yalipokuja. Mwaka ule wakatokea wagombea urais wanne: Benjamin Mkapa wa CCM, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, Ibrahim Lipumba wa CUF na John Cheyo wa UDP. Cheyo alikuwa mtu wa Bariadi, Msukuma mwenzetu, na sera yake ya mapesa ilichekwa na wengi huku wakiirudia. Kwa mjomba hao wote walikuwa amerikani, yaani kitambaa cheupe cha pamba kilichokatwa mita nne au sita, kikabanwa kwa misumari kwenye fremu, kikaandikwa, kikaanikwa.

Kuanika ndiko kulikokuwa na siasa. Mjomba alifunga kamba mbili, moja mbele ya jiwe na nyingine nyuma yake. Vitambaa vya chama kimoja vilikaukia mbele, vya kingine nyuma, na mimi nilikaa juu ya jiwe kama mlinzi. Nikimwona mteja wa nyuma anakuja, niliimba. Nikimwona wa mbele, nilipiga mluzi. Lengo lilikuwa mtu asikute kwamba mkono uliompamba yeye umempamba na hasimu wake, tena siku hiyo hiyo, kwa brashi ile ile. Siku moja wakaja wote wawili kwa mpigo, nikaimba na kupiga mluzi kwa zamu mpaka mjomba akatoka nje kuangalia kama nimepandwa na mashetani. Wale mabwana walisalimiana. "Mwangaluka," mmoja akasema. "Mwangaluka," mwenzake akajibu. Walikuwa wamesoma pamoja. Kila mmoja akachukua kitambaa chake, na mmoja wao akasema cha mwenzake kimenyooka zaidi.

Kura zilipohesabiwa, Mkapa alipata asilimia 61.8 na Mrema asilimia 27.8. Vitambaa vya wote wawili viliishia kuwa mapazia na mashuka ya watoto. Kwa miaka kadhaa niliona nusu ya neno MAGEUZI dirishani kwa jirani yetu.

Kuna kazi moja ya mwaka ule inayonirudia kila nikisikia watu wakijadili sanaa na siasa. Katibu wa tawi moja alikuja kuagiza kibao kipya chenye jembe na nyundo. Mjomba alikichora kwa siku mbili. Nyundo ilitoka nyundo. Jembe likatoka la Kisukuma: jani pana lenye umbo la moyo, mkia wake umechomekwa kwenye kichwa kinene cha mpini. Ndilo jembe alilolimia mama yake. Katibu akalitazama muda mrefu, mikono nyuma.

"Ngosha," akauliza, kama Wasukuma wanavyoitana, "hili jembe gani?"

"Jembe, ndugu katibu."

"Jembe la chama lina mpini mwembamba, umepita kwenye tundu."

"Hilo la dukani. Hili ndilo lililolima pamba iliyojenga nchi."

"Mimi sikatai. Lakini bendera ikipepea pale juu na kibao kikiwa hapa chini, majembe yasifanane, watu watasema sisi ni chama kingine."

Mjomba hakubishana zaidi. Alichukua rangi ya kijani akalifuta jembe la mama yake, na kesho yake akachora la dukani. Jioni nikamuuliza kama ameumia. Akasema katibu ana haki. Alama, alinieleza, haichorwi ili ifanane na kitu. Inachorwa ili ifanane na alama nyingine. Mpaka leo sijasoma maelezo mafupi kuliko hayo ya kazi ya nembo. Lakini baada ya kusema hivyo alikwenda nyuma ya jiwe akachora jembe la Kisukuma pale, kubwa, kwa rangi ya njano iliyobaki.

Babu yangu alipoliona akacheka, akatusimulia ya mwaka 1965. Uchaguzi ule ulikuwa wa chama kimoja, TANU, lakini kila jimbo liliruhusiwa wagombea wawili, na kwa kuwa wapiga kura wengi walikuwa hawajui kusoma, mgombea mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba. Alama zilikusudiwa zisiwe na maana yoyote. Lakini ukimpa mkulima picha ya jembe na kumwambia haina maana, umemtukana. Babu alisema vilabuni mjadala ulikuwa mkali. Wa jembe walisema bila jembe utakula nini, wa nyumba wakasema ukishalima utalala wapi, na wagombea wenyewe wakasahauliwa. Mwaka ule hapa Mwanza alianguka Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyeongoza vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba tangu enzi za mkoloni. Babu hakudai kwamba picha ndiyo iliyomwangusha. Alisema tu kwamba mtu akiingia chumba cha kura peke yake, anaonana na picha.

Mjomba alikuwa na masharti mawili. La kwanza ni malipo: nusu kabla ya kitambaa kukatwa, nusu kabla ya kukabidhiwa. Alikuwa akisema mgombea aliyeshindwa halipi kwa sababu ameshindwa, na aliyeshinda halipi kwa sababu ameshinda. Sharti hilo alilivunja mara moja, kwa mgombea mmoja wa udiwani aliyekuja na machozi na mke wake, akachukua vitambaa sita kwa mkopo. Yule bwana alishinda. Mjomba akaliandika deni nyuma ya mlango wa banda, kwa rangi nyeusi ya mafuta, herufi za kusimama, na chini yake akapiga mstari kwa uzi wa chaki.

Sharti la pili lilikuwa kwamba matusi hachori. Vijana walikuwa wakimletea magazeti. Miaka ile katuni zilikuwa zimepamba moto. Wazee bado walimkumbuka Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, sisi tulisoma SANI mpaka kurasa zikachanika, na baadaye akaja Masoud Kipanya na kile kipanya chake kinachowatazama wakubwa kutoka pembeni. Vijana walitaka mjomba amchore mpinzani wao ana tumbo la ngoma na masikio ya punda. Alikataa, tena si kwa uoga tu, ingawa uoga ulikuwepo. Alisema mchora katuni ana gazeti la kumficha na mhariri wa kumtetea, lakini yeye ana banda lisilo na kufuli na jiwe lisilohama. Tena, mwenye masikio ya punda hupita hapa kila jioni kununua mkaa. Miaka mingi baadaye, nilipofika Unguja nikasimama Michenzani kwenye maskani ya Kisonge, ambako ubao wake ulivuma kwa maneno makali ya siasa, nilimkumbuka. Ubao wa Kisonge ulikuwa wa kundi, na aliyeshika chaki alikuwa na wenzake nyuma yake. Mjomba alikuwa peke yake.

Hata hivyo kukataa matusi hakukumwokoa na kuandika asichokiamini. Hilo nililiona mwaka 2006.

Nilikuwa nasoma Malimbe, chuo cha Mtakatifu Augustino, mwendo wa karibu tu kutoka nyumbani. Mwisho wa Julai mwaka ule Rais Kikwete, katika hotuba yake ya mwezi, alilaani filamu ya Hubert Sauper iitwayo Darwin's Nightmare, iliyotoka mwaka 2004 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Filamu ilipigwa Mwanza. Ilionyesha minofu ya sangara ikipakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya huku mifupa ikibaki kwetu, na ilihoji ndege hizo zilikuwa zinaleta nini zinapokuja. Mitaani iliitwa filamu ya mapanki. Siku chache baada ya hotuba yakafanyika maandamano mjini Mwanza ya kuipinga.

Vijana watatu walikuja bandani na hadibodi mikononi. Walitaka mabango ya kubeba, haraka. Mjomba alichanganya rangi akiwa amewapa mgongo.

"Mmeiona hiyo filamu?"

"Hatujaiona, mzee. Lakini imetudhalilisha."

"Inasemaje?"

"Inasema tunakula mapanki."

Mjomba akanitazama. Akaandika: TUNAPINGA FILAMU YA MAPANKI. Ni herufi ishirini na nne, na nafasi tatu katikati ya maneno. Akaandika mabango manne, mekundu kwenye meupe, kila herufi imesimama kama askari. Walilipa taslimu, wakaondoka mbio.

Jioni shangazi akatuandalia ugali. Mboga ilikuwa mapanki, yale ya kukaanga, kichwa na uti wa mgongo wa sangara, na nyama kidogo iliyosalimika kisu cha kiwandani. Ndiyo mboga tuliyoimudu. Mjomba akakata tonge, akalichovya, akatafuna pole pole, akaanza kucheka mpaka shangazi akauliza kuna nini. Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uandishi wa habari, kichwa kimejaa hoja. Nikasema filamu ina makosa yake, ya silaha haikuyathibitisha, na mgeni akija na kamera huona anachotaka kuona. Nikasema pia kwamba mapanki tunakula. Mjomba akasema, "Yote mawili andika gazetini. Mimi kwenye hadibodi nafasi ni ya moja tu."

Nimelifikiria neno hilo miaka mingi. Bango si uongo wala si ukweli. Ni chombo chembamba kinachobeba upande mmoja, na anayeliandika anajua upande wa pili kuliko mtu yeyote, kwa sababu ameula.

Halafu ukaja uchaguzi wa 2010. Nilikuwa nafanya kazi mjini, lakini Jumamosi nilirudi Mkolani kushika uzi. Mwanza ilikuwa inachemka. CHADEMA ilikuwa imewateka vijana, vidole viwili vilinyooshwa kila kona, bodaboda zilifungwa bendera za buluu na nyekundu, na upande wa pili mashina ya wakereketwa wa CCM yaliota kila chini ya mwembe. Mjomba hakulala. Zikiwa zimebaki siku chache kabla ya kura ya Oktoba 31, kijani kikaisha. Tukazunguka maduka ya mjini, hakuna. Kila tawi lilikuwa linapaka mlingoti.

Mjomba akafungua makopo yaliyobaki. Njano ilikuwepo, ya kuchorea jembe. Buluu ilikuwepo kopo zima, tuliyonunuliwa na vijana wa CHADEMA kwa ajili ya vibao vyao, ikabaki. Akamimina njano ndani ya kopo la maziwa, akachota buluu kwa kijiti, akakoroga. Mara ya kwanza ikatoka rangi ya nyasi za kiangazi. Akaongeza kijiti kimoja. Ikakolea. Akaongeza nusu kijiti, akaipaka kwenye jiwe, akarudi nyuma hatua tano, akafumba jicho moja. Ilikuwa kijani cha chama tawala, hakuna mtu angekikana.

Mteja alipokuja kuchukua kibao alikishika kwa mikono miwili. "Hii ndiyo kijani yetu yenyewe," akasema. "Wengine wanatuwekea kijani cha majani ya chai." Mjomba akasema asante. Nikageuka nikajifanya naosha brashi.

Matokeo yalipotangazwa, jimbo la Nyamagana, lenye Mkolani yetu, likawa limekwenda kwa Ezekiel Wenje wa CHADEMA. Aliyeshindwa alikuwa Lawrence Masha, Waziri wa Mambo ya Ndani. Ilemela nako akashinda Highness Kiwia wa CHADEMA. Babu alikuwa ameshafariki, la sivyo angetukumbusha kwamba Mwanza kumwangusha waziri si jambo geni. Usiku ule watu walipita barabarani wakiimba, na asubuhi yake kijana mmoja akaja kumwomba mjomba amchoree mkono wenye vidole viwili kwenye ukuta wa kinyozi. Mjomba akamchorea. Rangi aliyoandalia mandhari nyuma ya ule mkono ilikuwa masalio ya kile kijani.

Ilikuwa karibu kazi yake ya mwisho ya siasa. Mashine za fleksi zilikuwa zimeshaingia mjini, na kufika kampeni za 2015 zilikuwa zimemaliza kila kitu. Unapeleka picha kwenye flashi, kijana anaifungua kwenye kompyuta, anamng'arisha mgombea meno, anampa mbingu yenye mawingu, na kabla chai haijapoa bango la mita sita limetoka. Hakuna kuhesabu herufi. Magufuli alikuwa na Hapa Kazi Tu, Lowassa na wenzake wakawa na Mabadiliko, na maneno yote mawili yalifika Mkolani yakiwa yamechapwa tayari, sawa na yalivyofika Mtwara na Kigoma. Sura zikawa kubwa na maneno yakawa madogo. Zamani mgombea wa kata alilazimika kuja bandani, akae kwenye kigoda, aseme anataka kuwaambia watu nini, na mjomba amwulize, "Kwa ufupi?" Wengi walitambua hapo hapo kwamba hawana la kusema kwa ufupi. Mashine haiulizi.

Mwaka ule walikuja watu na ngazi, wakagongea fremu ya mbao kwenye jiwe la mjomba, wakatandaza bango la mgombea juu ya herufi zake zote. Hawakuomba. Mjomba alikaa chini ya kidevu cha mtu asiyemjua kwa wiki saba. Kura zilipokwisha, mama mmoja muuza dagaa akaja kuliomba lile bango. Akalitandika ufukweni, sura juu, akaanikia dagaa wake. Nililiona kwa macho yangu. Dagaa wakakauka vizuri juu ya tabasamu, na kwa hakika hilo ndilo bango lililosaidia watu kuliko yote niliyowahi kuyaona.

Mei 2017 magazeti yakaandika kifo cha mzee Francis Kanyasu, aliyejulikana kwa jina la Ngosha. Alifia Muhimbili, baada ya waandishi kumkuta Buguruni, Dar es Salaam, akiishi maisha ya dhiki. Alikuwa akisema yeye ndiye aliyechora nembo ya taifa, ile ya bibi na bwana. Si wote waliokubali. Wengine humtaja Jeremiah Wisdom Kabati, naye wa Mwanza. Kubishania jina hilo hakuwezi kuisha kwa kuitazama nembo yenyewe, kwa sababu haikusainiwa. Ina mwenge, ina bendera, ina shoka na jembe, ina mkuki na mawimbi, imesimama juu ya Kilimanjaro, ina karafuu miguuni mwa bwana na pamba miguuni mwa bibi. Ipo kwenye pasipoti yako, kwenye cheti chako cha shule na juu ya kichwa cha hakimu. Kila kitu kimo isipokuwa mkono.

Nilimpelekea mjomba gazeti. Akaisoma habari yote akiwa ameliweka mbali na macho, maana yameanza kumwishia. Kisha akaitafuta nembo, akaielekezea kidole pale palipo pamba.

"Huyu aliyechora pamba aliiona," akasema. "Msukuma au si Msukuma, aliiona."

Nikamwambia aanze kusaini kazi zake, herufi mbili tu pembeni. Akaniuliza angesaini wapi: kwenye kitambaa cha huyu au cha yule? Kama jina lake lingekuwa kwenye vyote, asingekuwa na mteja hata mmoja. Nilikuwa nimefika pale na masikitiko ya kitabuni, kwamba fundi amenyimwa jina lake. Nikaondoka nikijua kwamba jina alilificha mwenyewe, miaka yote, ili mkono ubaki huru kuandikia watu wote. Yalikuwa malipo makubwa kuliko nusu ya kwanza na nusu ya pili, naye aliyatoa yeye. Hata mimi hapa simtaji, kwa sababu amenikataza.

Bado anafanya kazi. Anaandika majina kwenye misalaba ya makaburini, na anashuka mwaloni kuandika namba na majina ya mitumbwi, maana mbao iliyolowa haishiki fleksi. Juzi nilikwenda kumshikia uzi. Mwenye mtumbwi alitaka uitwe MAENDELEO. Tulianzia D.

Banda lipo pale pale, limeegemea jiwe. Kama wewe ndiye uliyewahi kugombea udiwani ukachukua vitambaa sita kwa mkopo, deni lako bado linasomeka nyuma ya mlango.